Asusa zinazoshibisha: mwongozo kamili wa kumlisha mtoto anayekua kwa mazao ya Dodoma

Mtoto wa shule ya msingi hapa mjini huamka kabla jua halijachomoza, akanywa chai ya haraka haraka, akaondoka. Chakula cha mchana anakikuta saa nane, cha usiku saa mbili. Katikati kuna mapengo mawili, moja la saa nne asubuhi na lingine la saa kumi na moja jioni, na tumbo lake ni dogo mno kubeba kwa mkupuo chakula cha kumvusha saa sita nzima. Asusa ipo kwa ajili ya mapengo hayo. Sisi wazazi kazi ya kuyaziba tumeliachia duka la jirani na wauzaji wa getini: pipi, krips, barafu za rangi, biskuti za krimu, soda. Mtoto anarudi amejaza tumbo kwa sukari, chakula cha mchana anakichokonoa tu, na ikifika jioni analia njaa.

Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Udumavu una sababu nyingi, kuanzia ujauzito wa mama hadi maji machafu na magonjwa ya kila mara, lakini chakula kimo ndani yake, na chakula cha katikati ya milo ni sehemu ambayo mzazi anaweza kuirekebisha wiki hii hii. Kanda yetu inalima uwele, mtama, karanga, njugu mawe, kunde, alizeti, ufuta na zabibu. Mibuyu imesimama kila upande. Hakuna kitu katika mwongozo huu kinachohitaji supamaketi.

Asusa ihesabiwe kama mlo mdogo

Hapa ndipo pa kuanzia, maana mengine yote yanafuata. Kila asusa iwe na angalau vitu viwili kati ya vitatu: kitu cha kutia nguvu (nafaka, kiazi, muhogo, ndizi), kitu cha kujenga mwili (kunde, karanga, njugu mawe, yai, maziwa, dagaa), na tunda au mboga. Kati ya hivyo, cha kujenga mwili kisikose. Andazi na chai ya rangi ni kitu kimoja tu, wanga na sukari. Andazi dogo na yai la kuchemsha, au kiazi kitamu na karanga, tayari ni mlo mdogo.

Kinachofanya chakula kikae tumboni ni protini, mafuta na nyuzinyuzi. Vitu hivi husagwa polepole, na nguvu yake huingia mwilini kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Sukari ya soda haina hata kimoja. Inaingia kwenye damu upesi na kuisha upesi, na mtoto anarudi mezani akiwa na hamu ya tamu nyingine. Chupa moja ya soda hubeba zaidi ya gramu 30 za sukari, karibu kiwango chote ambacho mtoto mdogo asingepaswa kukizidi kwa siku nzima.

Kiasi hutegemea umri. Mtoto wa miezi 9 hadi 23 anahitaji milo mitatu au minne na asusa moja au mbili, kwa mujibu wa mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani. Wa miaka miwili hadi mitano atatosheka na nusu kikombe cha uji mzito, au yai moja na kipande cha kiazi. Wa miaka sita hadi kumi na miwili mpe kikombe kizima, au bagia tatu na tunda. Kijana aliyeanza kubalehe anakula kama mtu mzima na wakati mwingine kumzidi. Usimwite mlafi. Mwili wake uko kwenye kasi ya pili ya kukua baada ya ile ya utotoni.

Panga asusa iwe saa mbili hivi kabla ya mlo mkubwa. Ikikaribia zaidi ya hapo itaua hamu ya chakula.

Manunuzi ya Jumamosi

Wazazi wengi wanashindwa kwa sababu ya muda, si kwa sababu ya hela. Saa kumi na moja jioni mtoto ana njaa, mama au baba ndiyo kwanza anatoka kazini, na ndani hakuna kitu cha kuliwa bila kuwasha jiko. Uzuri wa mazao ya kanda ya kati ni kwamba mengi ni makavu na yanakaa bila friji. Ukienda soko la Majengo au la Sabasaba mara moja kwa wiki, unaweza kumaliza kazi yote.

Vya kununua kwa wiki: karanga, njugu mawe, kunde, unga wa ulezi au uwele, unga wa mtama, ufuta, unga wa ubuyu, zabibu kavu, mbegu za maboga, dagaa, trei ya mayai. Matunda na viazi nunua kidogo kidogo kwenye genge la mtaani ili visiharibike. Zabibu mbichi za hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena kuelekea Agosti na Septemba. Msimu wake ukifika zinashuka bei, na hapo mtoto ale mbichi. Embe nazo zina miezi yake. Ubuyu haukosekani, ila nunua ule wa asili, unga mweupe au mbegu zenye unga wake. Ule wa kupikwa na sukari na kupakwa rangi nyekundu ni pipi.

Ulezi nausifia kwa makusudi. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, kiwango ambacho hakuna nafaka nyingine ya kawaida inayokifikia, na kalsiamu ndiyo inayojenga mifupa na meno. Uwele nao unaizidi sembe iliyokobolewa kwa madini chuma. Ukinunua mtama kwa ajili ya watoto, chagua mweupe. Mwekundu una uchungu fulani unaotokana na tanini, na tanini hizo hushikilia madini chuma yasifyonzwe vizuri tumboni.

Kabla ya kupika chochote: sumukuvu

Sehemu hii naomba isirukwe. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na wengine kufariki, watoto wakiwemo, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hii hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa vibaya, zilizoanikwa chini kwenye udongo, au zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Sumu yenyewe haina harufu wala ladha ya kukuonya. Moto wa jikoni hauimalizi. Kwa mtoto, kuila kidogo kidogo kwa muda mrefu huharibu ini na kunahusishwa na kudumaa.

Karanga ndizo msingi wa asusa nyingi humu, kwa hiyo zishughulikie hivi. Nunua zenye maganda unapoweza, au zilizomenywa ambazo unaziona vizuri, kavu na zenye rangi moja. Usinunue karanga zilizokwisha kusagwa usizojua zilitoka wapi, kwa kuwa mbovu zikishasagwa hazionekani tena. Nyumbani zimwage kwenye ungo mahali penye mwanga, kaa chini, uzichambue moja moja. Toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zenye doa jeusi, la kijani au la kijivu. Watoto wakubwa wanaweza kusaidia kazi hii, na wakifundishwa wanakuwa na jicho kali kuliko letu. Ukikaanga ukakutana na punje chungu, itemwe. Zilizotolewa zichomwe au zifukiwe. Kuku wasipewe.

Kama unavuna mwenyewe, anika juu ya turubai au kichanja, zikauke mpaka ukitikisa ganda punje inagonga ndani. Hifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa ile yenye tabaka tatu, uifunge kila tabaka peke yake, uiweke juu ya chaga, mbali na ukuta.

Bagia za kunde

Ningeambiwa nichague asusa moja tu ya kumfundisha kila mzazi wa Dodoma, ningechagua hii. Kunde ni za hapa, ni za bei ndogo, zina protini karibu robo ya uzito wake zikiwa kavu, na mtoto anayekataa kunde za kuchemsha mara nyingi anazila bagia bila kubembelezwa. Kwa watoto wanne au watano:

1. Chambua vikombe viwili vya kunde, osha, loweka usiku kucha kwa maji mengi.

2. Asubuhi zifikiche kwa viganja ndani ya maji. Maganda yataelea, yamwage, ongeza maji mengine, rudia. Yakibaki machache si neno.

3. Saga kwa blenda au twanga kwenye kinu kwa maji kidogo sana, vijiko vichache tu. Rojo liwe zito, ligande kwenye kijiko.

4. Lipige rojo kwa mwiko, ukizungusha upande mmoja, dakika tano hadi kumi. Hewa inaingia, rangi inakuwa nyeupe zaidi, rojo linavimba. Sasa weka maji kwenye glasi na udondoshe tone moja la rojo. Likielea, liko tayari. Likizama, endelea kupiga. Bagia za rojo lililozama zinatoka ngumu kama kokoto, na hapo ndipo wengi wanapokimbilia hamira bila sababu.

5. Changanya kitunguu kilichokatwa vidogo, karoti iliyokwaruzwa, kiganja cha mchicha au matembele yaliyokatwa laini sana, na giligilani ukipenda. Chumvi iingie mwisho, maana ikitangulia rojo hulegea.

6. Mafuta ya alizeti yapate moto wa wastani. Dondosha kwa kijiko, geuza mara moja, toa zikiwa na rangi ya dhahabu, zichuje mafuta.

Kama hutaki mafuta mengi, paka kikaango kwa kijiko kimoja cha mafuta, tandaza rojo kwa duara dogo bapa, funika dakika tatu, geuza. Zinatoka laini zaidi, na kwa mtoto wa miaka miwili ndizo ninazozipendekeza. Zikamulie ndimu juu. Vitamini C ya ndimu husaidia mwili kuyafyonza madini chuma ya kunde, na ladha nayo inachangamka.

Vidonge vya karanga na zabibu kavu

Hii ndiyo asusa ya kuweka kwenye begi la shule: haimwagiki, haichachi upesi, haina hata punje ya sukari ya kuongezwa. Unahitaji vikombe viwili vya karanga zilizochambuliwa, kikombe kimoja cha zabibu kavu, vijiko vitatu vya ufuta na chembe ya chumvi.

Kaanga karanga bila mafuta kwa moto mdogo, ukikoroga muda wote, mpaka maganda yaanze kupasuka. Zipoe, zifikiche, zipepete. Kaanga ufuta kwa dakika mbili tatu tu, maana unaungua ukigeuka kuangalia pembeni. Zabibu kavu zioshe kwa maji ya uvuguvugu kuondoa vumbi, kisha zitandaze kwenye kitambaa safi zikauke. Zenye kokwa zitoe kokwa.

Twanga karanga mpaka zilainike na kuanza kutoa mafuta yake. Utaiona: unga unaacha kutifuka, unaanza kung'aa na kushikamana na mchi. Hapo ongeza zabibu na chumvi, endelea kutwanga mpaka mchanganyiko ushikane ukiufinya kiganjani. Usiongeze maji kabisa; maji ndiyo yanayoharibu vidonge siku ya pili. Ukiwa mkavu sana, ongeza zabibu chache. Chota kijiko cha chakula kimoja kimoja, viringisha kwa mkono safi, kisha bingirisha kwenye ufuta. Unapata vidonge kama 20. Vitie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, mahali pa baridi, viliwe ndani ya wiki moja. Mtoto wa darasa la tatu viwili vinamtosha pamoja na tunda. Zabibu kavu hung'ang'ania kwenye meno, kwa hiyo asukutue kwa maji baada ya kula na apige mswaki kabla ya kulala.

Uji mzito wa ulezi, karanga na ubuyu

Uji wa maji maji hujaza tumbo kwa nusu saa. Kwa watoto wawili pima vijiko sita vya chakula vya unga wa ulezi na vikombe vitatu vya maji. Koroga unga kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka usiwe na mabonge. Vikombe viwili vingine vichemke, mimina mchanganyiko huku ukikoroga, punguza moto, acha uive dakika kumi na tano. Vijiko viwili vya karanga zilizosagwa vichanganye pembeni na uji kidogo kwanza, ndipo uvirudishe sufuriani kwa dakika tano za mwisho.

Ubuyu usipikwe. Unga wake mara nyingi una vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito uleule, na moto ndio unaoimaliza. Epua uji, uache upoe mpaka kiwango cha kunyweka, ndipo utie vijiko viwili vya unga wa ubuyu na kukoroga. Kama uji wako una maziwa, acha ubuyu kabisa, umpe mtoto kama juisi wakati mwingine, kwa sababu ukali wake utayakata maziwa. Utamu utoke kwenye ndizi mbivu iliyopondwa.

Kwa mdogo wa miezi sita hadi miaka miwili kuna jambo la zamani ambalo bibi zetu walilijua vizuri: kimea. Uji mzito anashindwa kuumeza, ukiongeza maji unapunguza chakula. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili mpaka uote, anika ukauke kabisa, fikicha mizizi na machipukizi yatoke, saga. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo kikiingia kwenye uji mzito ulioepuliwa, ukakoroga, uji unalegea wenyewe ndani ya dakika chache. Kimea kimeuvunja wanga. Urudishe motoni uchemke tena, kisha upoze. Mtoto anapata chakula kingi ndani ya kikombe kidogo.

Nyingine za kuzungusha ndani ya wiki

Njugu mawe mbichi za msimu zichemshwe na maganda yake kwa maji ya chumvi kidogo, mtoto azimenye mwenyewe. Kumenya kunamchelewesha, na anayekula taratibu anasikia kushiba. Zikiwa kavu loweka usiku kucha, chemsha saa moja na nusu hadi mbili, chumvi mwishoni.

Viazi vitamu vichemshwe na maganda. Ukivipata viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vichukue kabla ya vyeupe, maana vina vitamini A kwa wingi. Vitamini hii inahitaji mafuta ili ifyonzwe, kwa hiyo kiazi kiliwe na karanga au kipakwe siagi ya karanga ya nyumbani. Anayepita Gairo akitokea Morogoro anaweza kubeba viazi vya wiki nzima barabarani.

Chapati za maji za mtama: kikombe cha unga wa mtama mweupe, kikombe cha ngano, mayai mawili, kikombe na nusu cha maziwa, ndizi mbivu mbili zilizopondwa, chumvi. Changanya, acha rojo litulie dakika ishirini, kwani mtama hunywa maji polepole. Mtama peke yake hauna mnato wa kushika chapati, na ndiyo maana ngano imo.

Mtindi wa nyumbani ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Maziwa ya mfugaji lazima yachemke kwanza, hata ng'ombe awe wa ndugu yako, kwa sababu maziwa mabichi hubeba vijidudu vya kifua kikuu na vya brusela, homa inayotoka kwa mifugo. Yapoe mpaka kidole kivumilie, koroga kijiko cha mtindi wa jana, funika, acha usiku kucha. Asubuhi mpe na papai au zabibu.

Dagaa toa vichwa, osha kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa mchanga uishe, kaanga wakauke, kamulia ndimu. Wanaliwa na mifupa yake, na kalsiamu iko humo. Sahani ndogo ya dagaa na kipande cha muhogo wa kuchemsha ni asusa ya kijana wa sekondari.

Begi la shule na joto letu

Chakula cha saa kumi na mbili asubuhi kinaliwa saa nne. Hizo ni saa nne ndani ya begi, na kuelekea Novemba darasa la bati linakuwa tanuri. Yai lililochemshwa, mtindi, dagaa wenye unyevunyevu na chochote chenye maziwa havifai kukaa zaidi ya saa mbili nje ya friji. Viliwe nyumbani jioni. Begi lichukue vikavu: vidonge vya karanga, bagia zilizopoa kabisa kabla ya kufunikwa, karanga, mbegu za maboga zilizokaangwa, ndizi, chungwa, pera. Ukifunika chakula cha moto, mvuke unakilowesha na kinachacha upesi. Kopo lioshwe kila jioni kwa maji ya moto na sabuni.

Muulize mwalimu kama darasani kuna mtoto mwenye mzio wa karanga. Mzio huo unaweza kuua.

Maji nayo ni sehemu ya asusa. Visima vingi vya hapa vina maji yenye ladha ya chumvi, na watoto wengi wanayakwepa, wanaomba soda. Chemsha, poza kwenye mtungi, tia kipande cha ndimu au ukwaju kidogo ulioloweshwa. Chai isiandamane na chakula. Inashikilia madini chuma yapite bure, kwa hiyo iachiwe nafasi ya saa moja hivi, hasa kwa binti aliyeanza kupata hedhi, ambaye anapoteza damu kila mwezi na anahitaji kunde, dagaa na mboga za majani kuliko kaka yake.

Usalama wa wadogo

Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, bisi, wala zabibu nzima. Karanga zisagwe, zabibu mbichi zikatwe kwa urefu vipande vinne. Ale akiwa amekaa, asikimbie wala kucheka na chakula mdomoni, na mtu mzima awe karibu. Asali, hata ile nzuri ya Manyoni, ni marufuku kabla ya kutimiza mwaka mmoja kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta botulismu, ugonjwa wa kupooza misuli. Muhogo uwe mtamu, umenywe na uchemke mpaka uive kabisa; mbichi asitafune.

Akikataa, au akila na asikue

Anayekataa chakula kipya mpe kidogo, kijiko tu, kando ya kile anachokipenda, na urudie siku nyingine bila ugomvi. Watoto wengi huhitaji kukutana na chakula mara nyingi kabla ya kukikubali. Usikitumie kitamu kama zawadi ya kumaliza kunde. Utakuwa umemfundisha kwamba kunde ni adhabu. Mshirikishe kuchambua, kumenya, kuviringisha vidonge. Na ndani ya nyumba kusiwe na soda za kufichwa juu ya kabati.

Kama anakula vizuri na bado uzito hausogei, au amepauka viganja na ndani ya kope za macho, au anakula udongo, tatizo si asusa tena. Mpeleke kituo cha afya akapimwe damu, minyoo, urefu na uzito, na uende na kadi yake ya kliniki. Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na dawa za minyoo kwa waliotimiza mwaka mmoja, katika kampeni za mwezi Juni na Desemba. Ukipitwa na tarehe hizo, usisubiri awamu ijayo. Ulizia kituoni hapo hapo.